Sipandi Gari: Kwa Chapati na Kashata kutoka Visiga hadi Kisarawe

Tangu nirudi sijapata nafasi ya kuchota maji kwa amani. Dukani naulizwa, kwayani naulizwa, hata fundi aliyekuja kuziba bomba aliliacha linamwaga akanigeukia: "Mwalimu, ni kweli mlitembea?" Ni kweli. Naandika yote mara moja, kila mtu asome, kisha tuendelee na maisha yetu.

Wengi mnanijua, lakini karatasi huzunguka. Mimi ni Mpare wa Same niliyeletwa Visiga na ajira ya ualimu. Nilijenga hapa, nikamzika mume wangu hapa, nikastaafu hapa. Nyumba yangu ina migomba nyuma na ufunguo wake naushika mwenyewe. Mwanangu wa pekee, Elibariki, anaishi Dar na mkewe, na ameniandalia chumba. Chumba kizuri, nimekiona, kina feni na pazia la maua. Kosa lake ni moja tu, kipo kwenye nyumba isiyo yangu.

Mwaka jana nilikwenda na wastaafu wenzangu kupanda vilima vya Kisarawe. Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na biskuti, na kwenye mkoba nina biskuti nyingine na maji ya glukosi. Katikati ya mlima macho yakaingia giza, nikaanguka. Daktari alinipima kila alichoweza kupima, akasema mama huyu alikuwa na njaa. Elibariki hakumsikia daktari. Yeye alisikia neno kuanguka tu, na tangu siku hiyo kila Jumapili ni wimbo mmoja.

"Umri, Mama."

"Umri haukuanguka. Nilianguka mimi, tena na tumbo tupu."

Tulibishana mpaka mkewe akaondoka sebuleni. Mwisho tukaahidiana hivi: natoka mlangoni kwangu kwa miguu, nafika pale pale nilipoanguka. Nikipanda chombo chochote njiani, iwe gari au pikipiki, nafungasha na kuhamia Dar bila kunung'unika. Nikifika, habari ya chumba isitajwe tena. Alikubali haraka mno. Alishaona ameshinda, na hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote.

Visiga, jikoni

Safari hii ilianzia jikoni. Nilitaka chakula kidogo kwa ujazo, kinachokaa tumboni, kisichochacha kwenye joto letu la Pwani na kisichonipa kiu. Kila nilichotaka kukijaribu nilikitembeza kwanza. Nakila, nabeba kingine, naelekea Mbwawa na kurudi, huku nasikiliza tumbo linasema nini.

Bisi zilifeli mtihani wa kwanza. Zinajaza mkoba na mdomo unachoka kutafuna, lakini tumbo halipati habari. Biskuti tulishajuana. Dagaa wa kukaanga ni watamu, ila maji yote niliyobeba yaliishia kwao. Mayai ya kuchemsha yanafaa asubuhi. Yakishinda kwenye begi la moto yanakugombanisha na wenzako. Viazi vitamu vinashibisha sana, lakini uzito wake utadhani umebeba na tuta lake.

Nilibaki na chapati iliyopakwa siagi ya karanga, ndani nikaponda tende, nikaikunja kama mkeka. Nikapika kashata za karanga na ufuta, sukari nikaiacha iive mpaka kashata ikivunjwa inalia. Za nazi pia nilipika, ila nazi niliianika kwanza, maana unyevu ndio unaoziharibu. Na karanga za kukaanga zenye chumvi kidogo, kwa sababu jasho huondoka na chumvi ya mwili. Nilivifunga mafungu mafungu, kila fungu na kituo chake. Tumbo lisingesubiri tena mpaka lizimike.

Mwenzangu wa njia alikuwa Mwanahawa, jirani yangu, Mzaramo ambaye wazazi wake walilima upande wa Mlandizi tangu hajazaliwa. Alisema hawezi kuacha Mpare apotee kwenye ardhi ya Wazaramo. Alipoliona begi langu alishika kiuno.

"Chote hiki chako? Ndiyo maana Mpare hafi na njaa. Hufa jirani yake."

Utani huo wa ubahili nimeusikia miaka yote niliyokaa huku. Nacheka na wenzangu, lakini una mwiba ndani, na mtaona ulivyonifikisha pabaya.

Visiga hadi Soga

Tuliondoka asubuhi kukiwa na ubaridi bado. Kikwazo cha kwanza kilikuwa huruma za watu. Wanawake wawili wa umri wetu, mabegi mgongoni, wanatembea huku bodaboda zinapita. Hakuna aliyeweza kuamini kwamba tumependa wenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda alitufuata kwa mwendo wa kinyonga.

"Mama zangu, shikamooni. Pandeni."

"Marahaba. Hatupandi."

"Nauli mtatoa yoyote."

"Hatupandi, baba."

"Basi bure, jamani! Msinitie laana asubuhi yote hii."

Ilibidi Mwanahawa amdanganye kwamba tuna nadhiri. Hapo ndipo alipoondoka, tena kwa heshima.

Mbwawa tulipumzika kwenye kivuli cha nyumba iliyokuwa ikijengwa. Mama mmoja wa jirani alitoka, akatutazama, akauliza kwa sauti ya msiba kama tumefukuzwa na wakwe zetu. Nilimwambia kwangu mimi ni kinyume, mkwe ananitaka sana. Alitikisa kichwa kwa huzuni zaidi na kuingia ndani.

Nilifungua fungu la kwanza. Mafundi walikuwa juu ya jukwaa wakipanga tofali, nami kama mtu aliyelelewa nikasema, "Karibuni." Wakajibu wote, "Asante mama, endeleeni, sisi tumeshakula." Walikuwa hawajala, nilikuwa nauona moto wao ndio kwanza unawashwa. Lakini ndivyo tunavyoishi. Anayekula hukaribisha, anayekaribishwa hushukuru na kukataa, na kila mtu anabaki na heshima yake na chakula chake. Tulikula chapati taratibu, tukanyanyuka na miguu myepesi. Kabla ya adhuhuri nilijua kwamba chapati na tende nimezipatia.

Soga tulichelewa kwa sababu Mwanahawa alitaka kuiona treni ya umeme ikipita, na treni haikuwa na habari naye. Ilipopita ilipita kama upepo, tukaishia kuona vioo. "Wale wanafika Dar kabla hujamaliza kashata," alisema. Nikamjibu kwamba mimi siendi Dar, na hiyo ndiyo sababu ya safari yote. Tulilala kwa shangazi yake, aliyetupikia mihogo ya nazi na kutununia, kwa kuwa hatukumpigia simu atutafutie pikipiki.

Soga hadi kwenye kisima cha ng'ombe

Siku ya pili njia iliingia porini na kwenye mashamba yaliyoachana mbali. Jua lilikuwa limeshika kasi tulipokuta njia imezibwa na ng'ombe. Walikuwa wengi, wamekuja kunywa, wala hawakuwa na haraka. Wenyewe walikuwa familia ya Kimasai iliyohamia Pwani kutoka kaskazini na kuweka boma upande wa Magindu. Ukame ulikuwa umewasukuma mpaka huku kufuata maji. Mkubwa wao alikuwa mama wa rika langu, jina lake Naserian, amesimama na fimbo akiwaelekeza wanawe kwa macho tu.

Tulikaa kusubiri. Muda wa fungu langu ulikuwa umefika, nami safari hii sicheleweshi tumbo. Nilifungua begi. Kwa kuwa Mwanahawa alikuwa ananitazama na lile tabasamu lake, sikusema "Karibu" ya mdomoni. Nilitandika kanga chini, nikafungua mafungu yote ili yaonekane, nikaita kwa sauti ya darasani, "Karibuni sana! Karibuni nyote!"

Naserian akaweka fimbo chini, akanawa mikono, akakaa. Wanawe wakanawa, wakakaa. Kijana aliyekuwa ng'ambo ya kisima aliitwa.

Huku pembeni Mwanahawa alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio.

Walikula kama watu waliokaribishwa, kwa adabu na bila kubakiza. Naserian alivunja kashata ya ufuta, akaisikiliza inavyolia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Same. Mpare."

Aliacha kutafuna. "Mpare? Wa milimani pale?" Kisha akacheka mpaka akafuta machozi. "Kule nyumbani babu zangu na babu zako waligombania ng'ombe miaka yote. Leo Mpare amenilisha! Nikisema bomani nani ataniamini?"

"Waambie ulionja mwenyewe," nikasema. Ningeweza kusema nini kingine? Ningemnyang'anya kashata mdomoni? Niseme ukweli, nilijisikia vizuri kwa muda huo. Kisha nikatazama kanga yangu, na chapati hazikuwepo, na karanga hazikuwepo. Vipande viwili vya kashata ya nazi vilikuwa vimebaki, navyo Naserian aliwapa wadogo.

Alitupa maziwa mgando kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi wa kusafishia chombo. Mwanahawa alionja akarudisha. Mimi nilikunywa mpaka nikasikia uzito tumboni. Ni chakula kikubwa, wala sikidharau, ila nilikunywa kituo kimoja nikiwa nimegawa vituo vyote vilivyobaki.

"Leo Mpare amemwaga chakula chote," Mwanahawa alisema tulipokuwa mbali nao. "Kesho patanyesha mawe."

"Furahi tu. Hukunisukuma?"

"Mie nilitabasamu. Weye ndiye uliyetandika kanga."

Mikoroshoni

Maziwa yalinibeba mpaka tukaingia mikoroshoni, upande wa Kisarawe sasa. Kisha yakaisha. Nilikuwa naijua hali ile: magoti yanaanza kuwa ya mtu mwingine, jasho linakuwa la baridi, vidoa vyeusi vinacheza pembeni mwa macho. Niliogopa. Sikuogopa kufa, niliogopa pazia la maua.

Simu ya Mwanahawa ikalia, naye akanionyesha kioo. Elibariki. Hakuwa amenipigia mimi, mjanja huyo.

"Nimwambieje?"

"Mwambie tunaendelea."

"Umekaa chini, Mwalimu. Umekuwa rangi ya jivu."

"Nimekaa. Kukaa hatukuahidiana."

Alimjibu kwamba tunaendelea. Kisha akachuma bibo lililoiva chini ya mkorosho, akaliminya kidogo, akanipa. "Kula. Bibo halina mwenyewe, mpita njia huruhusiwa. Ila korosho yake chomoa, weka hapo kwenye shina. Hiyo ina mwenyewe."

Nilikula mabibo mpaka koo likakaza kwa ukakasi na maji yakanichuruzika mpaka viwikoni. Kila nililokula nilichomoa korosho nikaiweka shinani. Mnaelewa adhabu ile? Nilichokihitaji hasa, chenye mafuta na nguvu, ndicho nilichokuwa nakishika na kukiweka chini. Rundo likakua. Kwa kuwa mikono ilishapata kazi, na kwa kuwa nilikuwa naogopa kusimama nikayumba, nikaokota na zilizodondoka zenyewe nikaziongeza.

Sauti ikatoka nyuma yetu. "Sasa ndiyo mnakuja saa hizi?"

Alikuwa mama mnene mwenye ndoo kichwani, mwenye shamba. Mama Zuhura. Alikuwa akiwasubiri vibarua wawili wa kuokota korosho tangu asubuhi, akaona wanawake wawili na rundo, akajua ndio hao. Kabla hatujafungua mdomo alishatugawia mistari.

"Wewe anzia pale. Wewe mwenye kanga, acha kukaa kaa, jua linazama hilo."

Mwanahawa akaanza kumweleza. Nilimkanyaga mguu.

"Mama, chakula kipo?" niliuliza.

"Kipo. Ugali na kisamvu, na kesho korosho mtakaanga wenyewe, mle, mbebe. Vibarua gani wanaanza kwa kuuliza chakula?"

"Hawa," nikasema.

Tuliokota mpaka jua likawa jekundu, mimi nikienda kwa magoti zaidi kuliko kwa miguu. Kisamvu cha Mama Zuhura kilikuwa na karanga na nazi, nikakirudia bila aibu. Tulipomweleza ukweli wakati wa kula aliweka tonge chini. "Mwalimu mzima? Nami nimekufokea!" Akaanza kuomba radhi. Nilimwambia anifokee tu, kwa sababu hakuna aliyenipa kitu pale. Nilikuwa nimekifanyia kazi, na mtu wa rangi ya jivu hafanyi kazi ile.

Asubuhi tulizikaanga kwenye debe lililotobolewa. Mafuta ya maganda yanaruka na kuwaka, moshi wake unachoma koo, kisha unazimwaga mchangani na kuzibangua moja moja mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Nilijaza kanga. Sijawahi kufunga mzigo kwa roho nyeupe kama ule.

Kilima cha Kisarawe

Elibariki alikuwa anatusubiri barabarani, kabla kilima hakijaanza. Gari limeegeshwa, mlango wa mbele uko wazi. Amevaa viatu vya kazini. Alinitazama vidole vyeusi, magoti yenye vumbi, akanishika mkono.

"Shikamoo Mama. Inatosha. Nimeona. Panda."

"Marahaba. Sipandi."

"Imebaki kidogo tu, ni kama umeshafika!"

"Basi kidogo hicho nitakimaliza."

Mwanahawa alishavua begi. "Mie sikuahidiana na mtu," alisema, akaingia akakaa kiti cha mbele na kufunga mkanda. Wala simlaumu. Alikuwa na malengelenge ya kutisha.

Nilianza kupanda peke yangu. Nyuma yangu nikasikia gari linakuja polepole. Elibariki alikuwa amewasha taa zote za kuwaka na kuzima, ananifuata kwa mwendo wangu. Sikugeuka. Lakini niliona wanaume waliokuwa wamekaa kwenye kibanda wakasimama, mmoja akavua kofia na kuishika kifuani. Mbele kidogo mama mmoja akaweka chini kuni zake, akainamisha kichwa, akaniambia kwa upole, "Poleni sana kwa msiba."

Nikageuka sasa. Nilimwendea dirishani.

"Elibariki, unanizika nikiwa nakutazama?"

Alizima gari. Alishuka, akabaki ameshika mlango, na uso wake ulikuwa kama wa siku ile tulipomzika baba yake.

"Mimi ndiye niliyepigiwa simu, Mama. Siku ile. Mtu simjui, anatumia simu yako, ananiambia, njoo, mama yako ameanguka, hasemi. Niliendesha kutoka Dar sijui kama nakuja kwa mtu au kwa maiti. Wewe ulizinduka ukaomba maji. Mimi bado niko kwenye ile njia."

Nilimwonea huruma, tena nyingi. Nilitaka kumfuta uso kama alipokuwa mdogo. Ila nilijua pia kwamba nikipanda kwa huruma, gari lile halitanirudisha Visiga, na hofu yake haitaisha. Itahamia tu chumba cha pili, iwe inanisikiliza ninapokohoa.

Nilikaa kwenye jiwe pembeni ya barabara. Nikafungua kanga juu ya mapaja. "Karibu," nikamwambia.

Angeweza kusema asante Mama, endelea. Ndivyo nilivyomlea. Aliangalia korosho, akaangalia vidole vyangu, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazini. Akachota konzi moja, akaanza kutafuna. Mwanahawa alitoa mkono dirishani na yeye akapewa. Korosho zilikuwa na moto kidogo bado wa jua, na chumvi ya Mama Zuhura.

"Nguvu zinarudi," nilimwambia. "Unaona? Natambua zinapoondoka, na natambua zinaporudi. Mwaka jana sikuwa najua. Sasa najua. Tangulia juu, uningoje pale nilipoanguka. Usinifuate."

Alikwenda. Gari likapotea kwenye kona, na nikabaki na barabara yangu. Nilipanda nikitafuna korosho moja moja, nikisimama nilipotaka kusimama, na hakuna aliyenipa pole. Nilipokaribia, nilimwona anateremka kwa miguu kunilaki. Alinyoosha mkono kupokea begi.

"Halina kitu," nikasema.

"Nipe hivyo hivyo."

Nilimpa. Tulifika pamoja kwenye ule mti waliponiegemeza wenzangu mwaka jana. Niliugusa, kisha nikamwambia sasa anaweza kunifungulia mlango.

Mwanahawa alihamia nyuma, akalala kabla hatujashuka kilima. Mimi nilikaa mbele. Tulipofika barabara ya Morogoro alisimamisha gari pale tunapoungana nayo. Mkono wa kulia ni Dar, wa kushoto ni Visiga. Malori yalipita, akasubiri, malori mengine yakapita. Nilitazama mbele na mikono yangu myeusi juu ya mapaja.

Akawasha taa ya kushoto.